Usiseme "Moto": Kukosoa Picha ya Gari la Kale Iliyopigwa Ndani ya Gemu

Kijana wa Wenje, huku Tana River, akishuka Garsen au akipanda Hola kwa shughuli zake, mara nyingi hupitia kwenye kibanda cha gemu kabla ya kurudi. Analipia muda wake, anashika pedi, anaendesha. Siku hizi kuna jambo la ziada: mbio zikiisha, anasimamisha mchezo, anazunguka gari kwa kamera ya humo ndani, anapiga picha. Jioni picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp. Ni Datsun ya zamani imekata kona, vumbi nyuma, jua linazama. Chini yake wanaandika "moto", "kali sana", "hii ni noma", na mmoja anauliza ni gemu gani. Mpigaji anafurahi, lakini kesho atapiga picha ileile tena, kwa sababu hakuna aliyemwambia lolote.

Makala haya ni ya huyo mpigaji na ya hao wenzake. Nataka wajue kuambiana.

Tuanze na tofauti moja inayobadilisha uhakiki wote. Mpiga picha anayesimama kando ya barabara kule Naivasha, ambako mbio za magari za Safari Rally zilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, anapitiwa na gari mara moja. Kama mti umejipachika juu ya paa la gari, basi umejipachika. Kama mtazamaji mwenye kofia nyekundu alikatiza mbele, ndivyo ilivyotokea, na sisi tunaoitazama picha ile tunamsamehe mpigaji kwa sababu tunajua alivyobanwa. Ndani ya gemu hakuna wa kusamehewa. Gari linakungoja. Mbio zilizokwisha unazirudisha nyuma hadi pale gurudumu lilipoinuka. Kamera unaishusha mpaka chini ya bampa bila kuchafua suruali. Kwa hiyo kila kilichomo kwenye picha ya gemu mpigaji amekikubali, hata kama hakukiona. Mhakiki hana haja ya kuulizia bahati. Anaulizia uamuzi: kwa nini umeacha hiki? Kwa nini hapa na si pale?

Hiyo ndiyo sababu neno "moto" halifai kitu. Linasifu gari, na gari hukulitengeneza wewe.

Wengine watasema mchezo wa kitoto hauhitaji ukali huo. Lakini gemu ya Gran Turismo ya nne, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2004 na kwingineko mwaka uliofuata, tayari ilikuwa na sehemu nzima ya kupigia picha, pamoja na uwezo wa kutoa picha kwenye flashi na hata kuzichapa kwa printa. Watengenezaji wake waliichukulia kamera kwa uzito tangu zamani hizo. Unachagua urefu wa lenzi kwa milimita, upana wa tundu, kasi ya shata, kama kwenye kamera ya dukani. Anayejifunza vitu hivi kwa pedi amejifunza upigaji picha, na siku akishika kamera ya kweli ataikuta anaijua.

Nasi tuna haki ya pekee juu ya picha hizi, maana barabara zetu zimo humo. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na Kenya. WRC 9 ya 2020 ilikuwa nayo, na EA Sports WRC ya 2023 pia. Art of rally, gemu ndogo iliyotengenezwa Kanada, iliongeza Kenya mwaka 2021, na ina kamera nzuri ya picha. Magari yake hayana majina halisi, lakini mwenye jicho atayatambua kwa umbo. Hata ile Sega Rally ya katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na barabara ya jangwa yenye wanyama pembeni, mbuga ya mtu ambaye pengine hajawahi kuikanyaga. Wageni wamechora nchi yetu mara nyingi. Kusema wamepatia wapi na wamekosea wapi ni kazi tunayoiweza kuliko wao.

Sasa gari lenyewe. Hapa ndipo uhakiki mwingi wa vijana unapokwama, kwa kuwa hawalijui gari wanalolipiga. Gari la kale lina historia inayoonekana mwilini mwake, na picha nzuri huanza kwa kuijua.

Chukua Peugeot 404. Mwaka 1963 yalianza magari 84 kwenye Safari, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na mara zote mbili alikuwa na 404. Kilichowaangusha wengine ni mvua na matope. Basi ukinipigia picha ya gari la aina hiyo linalong'aa kama limetoka kuoshwa, likiwa katikati ya barabara ya udongo, halafu ukaandika chini "Roho ya Safari", nitakuuliza: limefikaje hapo? Gemu nyingi zina uchafu unaojijenga kadiri unavyoendesha. Endesha kwanza. Zunguka mara kadhaa, pita kwenye maji, ndipo usimamishe.

Au chukua Datsun 240Z, kipenzi cha kila kundi. Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, Shekhar Mehta akashinda nayo 1973 baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Aliyekwenda mbali zaidi bila adhabu ndiye aliyepewa ushindi. Gran Turismo 7 inayo 240ZG, gari zuri mno, lenye pua ndefu iliyochongoka. Vijana hulipaka rangi nyekundu, wakaandika "Safari 1973". Si sawa. Ile pua ndefu ilikuwa ya toleo lililouzwa Japani. Magari ya Safari yalikuwa na pua fupi ya kawaida, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni, na taa kubwa za ziada mbele. Mpige 240ZG kwa uzuri wake, mpeleke usiku mjini Tokyo, lakini usimvishe kanzu ya mtu mwingine.

Toyota Celica nayo. Zile za ST185 zilizoshinda Safari za 1992, 1993 na 1994, ya 1994 ikiendeshwa na Mkenya Ian Duncan, zilikuja huku na chuma kizito mbele cha kukinga wanyama na bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele, ili injini isinywe maji mtoni. Celica bila vitu hivyo ni ya Ulaya. Hakuna ubaya kuipiga hivyo, mradi usiipeleke kwenye maji ya goti ukadai inavuka. Mtu wa Tana anajua injini ikinywa maji kinachofuata ni nini.

Kama huna pa kujifunzia haya, usiende mbali. Mpelekee picha fundi yeyote aliyewahi kufungua Peugeot 504 enzi zilipokuwa zikibeba abiria. Hatajua gemu ni nini, wala hatajali. Atakuuliza, "Mwanangu, mbona gari hili limeinama mbele na huku linapanda mlima?" Swali hilo lina thamani kuliko "moto" zote za kundi.

Tuingie kwenye vumbi, kwa sababu vumbi ndilo linalotuuza. Gemu nyingi zina vumbi moja tu, jeupe kama unga, linalotoka popote. Vumbi la kweli lina rangi ya mahali pake. Udongo wa kingo za Tana ukikauka hupasuka na kutoa vumbi la kijivu, na ukitoka nje ya bonde unakutana na jekundu. Kama gemu imeweka Kenya yenye vumbi jeupe, hilo ni kosa la watengenezaji; litaje, lakini usimbebeshe mpigaji. Kosa la mpigaji ni lingine. Datsun 240Z, Ford Escort za kale na Peugeot 504 husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mchanga na mawe hutoka nyuma. Celica na Lancia Delta zinazosukumwa na magurudumu yote manne huchimba kote kuwili. Mpigaji akichagua sekunde ambayo Escort yake imefunikwa na vumbi kuanzia boneti, ameficha jambo la pekee ambalo gari lile lilikuwa nalo: mkia unaoteleza. Arudishe mbio nyuma kidogo, achague sekunde nyingine.

Angalia pia magurudumu. Picha inadai gari linakimbia, vumbi limepaa, lakini unaweza kuhesabu nati za gurudumu moja baada ya nyingine. Gari hilo limeegeshwa. Kasi ya shata ilikuwa kubwa mno. Ishushwe mpaka gurudumu lianze kuzunguka machoni huku bodi ikibaki wazi. Gemu kadhaa zina namna ya kuifanya kamera imfuate anayepita, mandhari ikaburutika nyuma. Itumieni, ila kwa kiasi. Mandhari ikiburutika sana hatujui tena kama ni Kenya au Ufini, na kama haijalishi ni wapi, kwa nini ulichagua Kenya?

Lenzi nitaipita haraka. Lenzi pana ikisogezwa karibu huvimbisha pua ya gari na kuyasinyaza magurudumu ya nyuma. Magari ya kale yenye mistari myembamba hayastahimili. Rudi nyuma, refusha lenzi. Na kuinamisha kamera ili picha "iwe na mwendo" ni uvivu, isipokuwa pale barabara yenyewe imeinama.

Kuhusu mwanga nina ubishi na karibu kila mtu. Picha nyingi za gemu hupigwa jua likizama, mwanga wa dhahabu umelala juu ya kila kitu. Uzuri huo ni wa nchi za kaskazini, ambako jua huteremka pole pole kwa mshazari. Forza Horizon 4, iliyowekwa Uingereza, ina jioni ndefu za namna hiyo na zinaipendeza. Wenje iko chini kidogo tu ya Ikweta. Kwetu jua huzama karibu wima, na ule mwanga wa dhahabu hauna subira. Mwanga tunaoujua zaidi ni wa mchana, mkali, kivuli kifupi chini ya gari, milango gizani na paa linawaka. Ni mgumu kupiga, ndiyo maana watu wanaukimbia. Lakini picha ya Safari iliyopigwa saa tatu asubuhi, jua likiwa tayari limechoka kuwa mpole, ina ukweli ambao machweo ya kununua hayana. Nani kawaambia vijana kwamba kila gari lazima lipigwe saa kumi na mbili jioni?

Usiku ni jambo jingine. Safari ya zamani ilikimbizwa mchana na usiku, na zile taa za ziada hazikuwekwa kwa mapambo. Weka kamera mbele ya gari, chini, taa zote zimewashwa, vumbi la gari lililotangulia bado halijatulia. Taa zinachora hewa yenyewe. Sijui picha ya gemu inayokaribia hiyo kwa nguvu.

Na ile rangi ya chai! Kijana akitaka gari lake lionekane la kale, anaweka filta ya kahawia na mikwaruzo ya bandia. Watu wa 1971 waliona rangi kama tunavyoona sisi, na filamu za rangi zilikuwapo. Mohamed Amin, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa picha za njaa ya Ethiopia ya 1984, alipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam alipiga picha za Safari. Utafute ukale kwenye gari, tairi zake nyembamba, vioo vyake vidogo, kofia ya dereva. Hapo kwenye kofia uwe macho: gemu nyingi humkalisha ndani ya gari la 1970 dereva mwenye helmeti ya kisasa iliyofunika uso wote. Sogeza kamera mpaka mwako wa kioo umfiche.

Sasa namna ya kusema. Pwani yetu ina desturi nzuri ya kujibizana kwa mashairi. Enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi akitupiwa beti alijibu kwa beti, akifuata mizani na vina vya mwenzake. Kelele za pembeni hazikuhesabika kuwa jibu. Fanyeni vivyo hivyo kwa picha. Mwenzako ameweka Escort kwenye kona fulani: wewe nenda kona ileile, gari lilelile, saa ileile, upige yako, uiweke chini ya yake. Hapo ubishi wenu una kitu cha kushika. Ukiona huwezi kuipita ya kwake, umejifunza kwa nini ilikuwa nzuri, na hilo nalo ni uhakiki.

Kabla ya kujibu kwa picha, jibu kwa maneno, na yawe machache. Sema jicho lako lilitua wapi kwanza. Mpigaji hawezi kulijua hilo peke yake, kwa kuwa yeye anajua alichotaka kuonyesha na huona hicho tu. Kisha taja jambo moja analoweza kulibadilisha kwa vifaa vilivyomo kwenye gemu. Moja linatosha. Ukimpa saba atafanya sifuri. Mfano wa jibu zuri:

"Kaka, jicho langu limekwenda kwenye bango la matangazo kushoto, si kwenye gari. Lina weupe kuliko kitu chochote humo. Ukisogea kulia hatua chache, gari lenyewe litalificha."

Na mfano wa jibu la mpigaji anayejua kupokea:

"Nimeona, kaka. Ila nikisogea kulia napoteza daraja. Nitajaribu kushuka chini badala yake."

Hapo hakuna aliyetukanwa, na wote wawili wametazama. Linganisha na "angle mbaya", ambalo mtu humtupia mwenzake akiwa anatembea. Lina ukali, lakini halimsaidii mtu.

Wenye umri mkubwa kwenye kundi wana wajibu wa ziada. Mdogo wako akiweka picha yake ya kwanza, tafuta kilicho kizuri kweli ukitaje kwa jina lake: "kivuli cha mti kwenye boneti." Kumsifu kwa uongo ni kumfungia mlango, kumkata mbele ya wote ni kumfukuza. Kama una neno zito, mtumie pembeni.

Wasio na PlayStation wasijione wametengwa. Kwenye simu kuna CSR Racing 2, yenye magari ya kale ya kufufua, na kuna ile gemu ya mabasi ya Indonesia ambayo vijana wa Kenya na Tanzania wameijaza mabasi yao wenyewe kwa rangi walizozichora. Basi la zamani lililopakwa rangi za kampuni iliyokufa ni gari la kale pia, na ninaamini lina mengi ya kutuambia kuliko Ferrari ya mamilioni. Sheria ni zilezile.

Yamebaki mambo ya kutuma. Andika chini ya picha jina la gari, mwaka wake, na jina la gemu. Picha za siku hizi zinafanana na za kweli kiasi kwamba zikishapita mikono mitatu hakuna ajuaye zilikotoka, na mjomba wa mtu atauliza hiyo Datsun inauzwa bei gani. WhatsApp huibana picha na kuitoa uhai wa vumbi. Itume kama dokumenti kwa wale mnaohakikiana, na ile nyepesi muwatumie wengine, bando si bure. Usiuze picha hizo bila kusoma masharti ya gemu, maana gari, barabara na jina vyote vina mwenyewe.

Lililo muhimu kuliko yote ni kuhifadhi. Huduma za mtandaoni za Gran Turismo Sport zilizimwa tarehe 31 Januari 2024, na picha ambazo watu walikuwa wameshirikishana humo kwa miaka hazikupatikana tena. Forza Horizon 4 iliacha kuuzwa Desemba 2024. Gemu ina mwisho wake, na pale kibandani mashine si yako: mwenyewe akiifuta ili aweke nyingine, kazi yako imekwenda. Nenda na flashi. Kabla muda wako haujaisha, nakili picha zako, na mkifika nyumbani mteue mmoja wenu atunze za kundi zima, kila moja na maneno yaliyosemwa juu yake.

Basi wiki hii chagueni gari moja, barabara moja ya Kenya, na wakati mmoja wa mchana. Kila mtu alete picha moja tu, na neno "moto" lipigwe marufuku kundini mpaka Jumapili.